Kengele ya Mabomba Nyumbani kwa Mama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu mwanao nimepigwa na butwaa na sijui nimwambie nani mwingine.

Unaikumbuka kengele uliyoitengeneza hapa Mkolani ulipostaafu? Swichi getini, waya juu ya dari, kisha koili, zile sumaku za umeme za kwenye vifaa vibovu, zikivuta vinyundo vya mti kugonga mabomba ya chuma ukutani. Mama ulimkalisha jikoni akiwa amekupa mgongo, ukawa unagonga bomba moja moja. "Na hili?" Akitikisa kichwa, unakwenda kukata jingine, refu zaidi. Nikakucheka: "Baba, watu wa huku wanapiga hodi, hawabonyezi swichi." Ukanijibu, "Watajifunza." Nikasema huyu mzee kakosa kazi.

Tulipomaliza matanga yako niliishusha ili fundi apake rangi ukuta. Jumapili, mimi nikiwa sokoni, wakaja akina mama wa jumuiya kumfariji mama. Wakapiga hodi mara tatu, kimya, wakaondoka. Mtaani maneno yakaanza kwamba mjane anaringa. Nilikuja juu, Baba. Nikamfuata mama uani akichambua dagaa, nikamwita kwa nyuma. Hakugeuka. Nikamwita kwa ukali. Wapi.

Nikamsogelea. Nilipomshika bega alishtuka, akanitazama midomo. Na mimi miaka yote nilidhani ananitazama vile kwa kunipenda tu.

"Sauti nyembamba siku hizi sizisikii, mwanangu," akasema. "Nasikia zile nzito tu. Baba yako alinitafutia mpaka akazipata."

Nikamuuliza kwa nini mlituficha sisi watoto wenu. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Alisema mkijua mtanitoa kwenye nyumba yangu."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka. Gari la kuhamishia vyombo vyake kwangu Nyegezi lilikuwa linakuja kesho yake. Nililiagiza mimi, bila kumuuliza. Baba, kumbe ulinijua hivyo? Kumbe ulikuwa unamlinda mama dhidi yetu sisi? Nimeumia, na bado siamini.

Nimempigia dereva asije. Mabomba nimeyarudisha ukutani, kisha nikatoka hadi getini kujaribu. Nilipobonyeza tu, mama akaitikia kutoka ndani, "Karibu." Nimesimama pale nje muda mrefu, nashindwa kuingia.

Pumzika, Baba. Nyumba ni yake.

Ni mimi, kifungua mimba wako.