Kura za Shakuru, Kura za Sabuni

Mwaka umezunguka, Shakuru wetu, tangu ulipotutoka, na bado mtu akipiga hodi wakati wa chai tunasogeza viti, tukidhani ni wewe na wageni wako.

Hukujua kula peke yako. Ulitoka gereji mikono ingali na grisi, nyuma yako watu ambao hata majina yao hatukuyajua. "Mama Sumaya, ongeza maji mu muchuzi!" Maji yakaongezwa, wakala, wakacheka, na sisi tukapata habari za mtaa mzima wa Buyenzi kabla sahani hazijaoshwa. Gari likikushinda, ulimwambia mwenyewe limekushinda. Hukumzungusha mtu.

Lakini mji ulikujua kwa mpira. Uwanjani nani alikuita Shakuru? Ulikuwa Sabuni, maana beki akidhani amekushika, umeshateleza, uko golini. Hata imamu akijisahau alikuita Sabuni.

Na ni jina hilo hilo walilolitumia kukunyima haki yako, ndiyo maana leo tunakukumbuka kwa hasira.

Asiyejua ajue. Chama cha wachezaji wa zamani kina ukuta wa picha za magwiji. Kila mwaka wachezaji wa zamani na watangazaji wa mpira wa redioni wanaandika majina kwenye karatasi. Ukipata robo tatu ya kura, picha yako inapanda ukutani. Usipopata, unangoja mwaka ujao, na baada ya miaka kumi jina lako linatupwa nje. Wewe ulingoja yote kumi. Kila mwaka ulipungukiwa kidogo, ukawapigia makofi waliopita, kisha ukawaleta nyumbani kula.

Mwaka wa kumi, wako wa mwisho, kura zikasomwa kwa sauti. Shakuru. Sabuni. Sabuni. Shakuru. Ukumbi unashangilia, sisi nyuma tumeshaanza vigelegele. Kumbe mwenyekiti, Bonfils, anahesabu watu wawili! Si Shakuru wala Sabuni aliyefika robo tatu, ingawa kura zote pamoja zilipita.

Dada yako Fatouma akasimama, akamwambia mwenyekiti. "Prezida, uyo si mutu mumoja?"

"Dada, sheria haijui majina ya utani."

Bonfils yule yule! Mliyecheza naye timu moja, aliyekuwa akikufokea uwanjani, "Sabuni, leta!" Na ukumbi mzima ukanyamaza, midomo ile ile iliyoshiba kwetu. Tukiikumbuka tunaona kinyaa. Wewe ulisema tu, "Twende nyumbani," na hukuutaja tena mpira mpaka unaingia kaburini.

Juzi wakubwa wa chama wamekuja, wamevaa makoti, wamebeba kreti ya soda. Eti kamati imekufikiria, itakupandisha ukutani bila kura, kwa kumuheshimu marehemu.

"Mama Sumaya, utupatie picha yake nzuri," alisema Bonfils.

"Picha ya nani? Ya Shakuru ao ya Sabuni?"

Bonfils akaisogeza kreti ya soda karibu nasi.

Binti yako Sumaya alitaka tuitoe. Anatamani kumwona baba yake pale, na nani atamlaumu? Tukabishana siku nzima, nyumba imejaa, kila jirani na neno lake. Mwishoni ni Sumaya mwenyewe aliyeirudisha picha kabatini. "Apana," alisema. "Papa alichaguliwa. Hawa wanataka kumuhurumia."

Kwa hiyo hawakupewa. Waziunganishe kwanza zile kura, watangaze mule mule ukumbini kwamba ulishinda ukiwa hai. Huruma yao wakae nayo, inanuka.

Dua itasomwa nyumbani Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Karibuni wote, mje na njaa. Bonfils naye akija atakula, maana wewe usingemfukuza. Ila kabla ya kuvua viatu atasimama mlangoni, majirani wakisikia, aseme zile kura zilikuwa za mtu mmoja.

Tunaokukumbuka: mke wako Saliha, watoto wako Sumaya na Ilias, dada yako Fatouma, mafundi wa gereji, na wote uliowahi kuwaketisha kwenye mkeka wetu.

Shakuru, Sabuni, mtu wetu: moyoni mwetu hutoki kamwe.