Siku za Kuacha Kiko

Jumatano, 4 Rajabu 1306, Kindu
Nimetwanga mpunga, nimepika, nimevuta kiko mara tatu. Uvimbe wa titi la kulia sasa ni kama yai. Tabibu aliyekuja na msafara wa pwani ameutazama. Atakata. Lakini kwanza siku ishirini bila tumbako wala pombe. Nile nishibe. Nitembee hadi mtoni kila asubuhi. Anasema kifua kilichojaa moshi hakivumilii kisu.

Alhamisi, 5
Nimempa mdogo wangu Faida kiko changu akifiche. Nimemtukana bure.

Jumatatu, 9
Nimefika mtoni. Njiani nimeketi mara mbili, kikohozi. Faida anavuta chake nyuma ya jiko na harufu inaingia hadi kitandani. Namchukia.

Jumamosi, 14
Nimevuta. Faida alikwenda sokoni, nikakipata kiko ndani ya kapu la mihogo mikavu. Kichwa kilizunguka. Moshi ulikuwa mtamu. Kisha nikalia.

Jumapili, 15
Tabibu kaniuliza kama nimevuta. Nimesema hapana, nikimtazama usoni.

Jumatano, 18
Uvimbe umeanza kuvuta ngozi. Nimeogopa. Nimekwenda mwenyewe kwa tabibu, nimesema kweli. Hakufoka. Aliuliza tu:
"Mama, unataka kukatwa kwa ajili ya nani?"
Watoto sina. Nilitaka kumtaja Faida, ionekane vizuri.
"Mimi nataka kuishi. Njo vile tu, hakuna kingine."
Akatikisa kichwa kukubali. Siku kumi na nne, kuanzia leo, na hataongeza nyingine. Msafara unaondoka mwezi ujao.
Faida alikuwa amenifuata hadi mlangoni, amesikia yote. Tuliporudi alivunja viko vyote viwili kwa mchi. "Dada, tuache wote." Nilishindwa kumshukuru. Nilikuwa na hasira ya kiko changu.

Alhamisi, 26
Mtoni na kurudi bila kuketi. Nimekula wali na samaki, sahani nzima. Mwili una nguvu. Moyo hauna. Naona kisu kila nikifumba macho.

Jumatano, 2 Shaabani
Ni asubuhi hii. Nimeoga, nimeswali. Wanawake wanne wa kunishika wamekwisha kuja. Chuma cha kuchomea kidonda kinapashwa moto uani. Faida analia. Wananiita.

Jumapili, 13 Shaabani
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauinuki. Kidonda kinakauka pembeni. Tabibu haahidi kitu. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Faida amepika uji wa mchele, tumeketi mlangoni. Nimemaliza bakuli. Nimeomba jingine.