Kama Umetoka Kupalilia Ulezi

Jumanne, Kizwite

Na mimi na mdomo wangu! Mwisho wa yoga leo nikawaambia akina mama, "Sasa laleni kama maiti." Ndivyo nilivyofundishwa. Wakanyanyuka wote, mmoja akifanya ishara ya msalaba kama aliyekutana na mchawi.

"Mwalimu, hapahapa Sumbawanga unatuita maiti?"

Nikajua kesho hawaji.

Mama yangu, aliyekuwa pembeni sebuleni akinishangaa tu, akajinyoosha mkekani. "Laleni kama mmetoka kupalilia ulezi," akasema, "halafu mmekuta mtu ameshawapikia."

Wakacheka, wakalala.

Mama akakoroma. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona amelala mchana. Wenzake walipoondoka nikamfunika kitenge changu cha Zambia, nikaingia jikoni polepole kusonga ugali.