Mashua Inayojaa Maji

Mjukuu wangu Hamadi,

Marahaba, shikamoo yako imenifika huku Magamba kwenye ukungu. Mkwe wangu amenisomea kuwa mashua ya ujamaa inajaa maji na huoni yanapoingilia. Jana jirani, bibi wa Kishambaa, alijaza maji chungu kinachovuja, akakipapasa kwa nje mpaka kiganja kikalowa. Nikamwambia, "Mwanamke wewe fundi!" Hakunielewa, Kiswahili hakijui, lakini tulicheka. Tangu nifike nilikuwa sijacheka na mtu.

Nawe acha kufua maji na kuyamwaga nje kama mwehu. Ipandishe mchangani, ijaze maji ndani, upapase mbao kwa nje. Panapolowa pazibe, ndipo uende baharini. Babu yako nilimwambia asubiri, akasema wanawake hawaijui bahari. Hakurudi, nami nalala peke yangu. Wewe mume wangu wa sasa nataka unizike, usinitangulie.

Bibi yako, Mwanaidi