Kiti cha Upande Ule

Goma, Majengo, tarehe 3 Novemba 2024

Kwa mutoto wa dada yangu, Ramla, huko Kinshasa,

Asalaam alaykum. Mbele ya yote, habari ya mwili? Habari ya usingizi? Chakula cha Kinshasa kimekupokea? Sisi tuko wazima. Mama Asumini mugongo unamusumbua, kaka yako Shukuru yuko na moto yake, ile pikipiki, barabarani kutwa nzima, anabeba watu. Na mimi unanijua, malaria yenye ujasiri wa kuniingia haijazaliwa.

Majengo yote inajua habari yako. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nilisimama nikasema: wizara imetafuta vijana wa watu ambao hawaonekani kati ya mabalozi, wasichana, watoto wa mikoa ya mbali, Batwa, na sisi Waislamu wa huku, iwafundishe kazi ya ubalozi. Na imemuchukua mutoto niliyemulea mimi! Imamu akaniomba nipunguze sauti. Nikaongeza.

Hao walimu wako waambie kwamba mwalimu wa kwanza ni mimi. Nilisoma mpaka darasa la tano primaire, basi, masomo yakaniishia. Mwaka wa 2021, volcan, ule mulima wa moto, ilipotoka, nani alibaki? Lave ilikuja nyekundu mpaka Buhene, nikaiangalia machoni, nikaiambia kwa Kifaransa: «Arrêtez!» Ikasimama. Mama Asumini anasema saa ile nilikuwa njiani kwenda Sake na godoro kichwani. Mama Asumini anasahau mambo.

Sasa shika fundisho. Nilipokuwa naleta samaki wa Vitshumbi, kila kundi la bunduki lilikuwa na barrière yake, kamba ya kufunga njia, na kila mukubwa wa barrière anakukaribisha kikombe cha chai. Usikunywe kwanza! Kwetu, mutu akikunywa chai ya mutu amesema hakuna deni la damu kati yetu. Unashika kikombe, unamuulizia mama yake, unamuulizia mbuzi zake, chai inapoa. Wakifungua kamba, ndipo unakunywa. Barabara nzima ya Rutshuru nimeikunywa baridi. Colonel mumoja alilia nilipoondoka, alitaka nimuoe dada yake.

Karatasi hii Kakule wa cabine, kile kibanda cha simu, ataipiga picha akutumie kwa telefone. Kuandika na kidole kwenye kioo ni kazi ya watoto.

Mujomba wako,
Jumaine, Balozi wa Majengo

*

Kinshasa, tarehe 19 Januari 2025

Kwa mujomba wangu mupenzi,

Wa alaykum salaam. Mimi niko muzima, usingizi ndio unanikimbia tangu niliposikia vita inakaribia Sake. Mugongo wa mama Asumini je? Mwambie aache kubeba maji. Shukuru asipeleke moto upande wa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na mapigano, tafadhali, na najua atacheka akisoma hapa.

Tumejifunza mengi: nani anaingia wa kwanza, bendera gani inakaa kulia, namna ya kuandika «hapana» bila mutu kuiona. Rafiki yangu ni Cibalonza, mutoto wa Bukavu. Alikuwa hajui kama Goma kuna Waislamu, sasa ananiamsha kwa swala ya alfajiri.

Lakini niko na taabu. Mwisho wa stage, haya mafunzo yetu, ni mazungumzo ya kuigiza mbele ya jury, wale wanaotupima: upande huu serikali, upande ule waasi. Anayepita anachukuliwa kazini. Walipiga kura nani akae wapi. Mimi nimeangukia upande wa waasi. Cibalonza ni serikali.

Mujomba, niliomba kubadilishiwa. Encadreur, musimamizi wetu, alinijibu kwa upole: balozi hachagui kiti, anayekataa kiti amekataa stage. Niko na majuma machache ya kujibu. Nitakaaje pale, niseme «sisi» kwa mudomo wangu, wakati mabomu yanawafikia ninyi? Nipe shauri.

Mutoto wako,
Ramla

*

Goma, tarehe 22 Januari 2025

Kwa Ramla,

Salaam nyingi. Sisi wazima. Mabomu ni kelele tu, mimi nimeoa mama Asumini, kelele ninaizoea. Watu wa Sake wanaingia na magodoro, nyumbani kwetu kumelala familia mbili, nimewapa kitanda changu. (Mama Asumini amewapa. Nilikubali haraka sana.)

Habari ya kiti: usikae! Mutoto wa nyumba yangu hatakalia kiti cha wale watu hata kwa muchezo. Kama ubalozi unaenda, uende. Mimi nilikunywa chai ya barrière zote, hakuna aliyenifanya niseme maneno yake. Simama, waage kwa heshima, utarudi kwetu njia ikifunguka.

Mujomba wako,
Jumaine, Balozi

Dada, ni mimi Shukuru, nimenyang'anya kalamu. Papa anaongea tu. Tulipocheza polisi na mwizi, wewe ulikuwa mwizi kila siku na polisi hakukukamata hata mara moja. Kaa hapo. Mutu akijua yule mwingine anaogopa nini, ndiyo anaweza kuongea naye. Kisha utulize moyo, Kanyaruchinya nakwenda tu kama kuna abiria.

*

Kinshasa, tarehe 31 Januari 2025

Mujomba,

Telefone ya Kakule haiiti. Ya Shukuru haiiti. Tumeona kwenye televisheni mji umechukuliwa na waasi. Sikupata nafasi ya kuwasalimia kama inavyotakiwa, munisamehe. Andikeni neno moja. Hata uongo, mujomba. Niandikie kwamba uliwafukuza na fimbo.

Kiti bado sijajibu.

Ramla

*

Goma, tarehe 9 Februari 2025

Kwa mutoto wangu Ramla,

Habari ya mwili. Kuna mutu karibu yako? Kama uko peke yako, acha kusoma hapa, mwite huyo Cibalonza wako akae pembeni. Namungojea.

Shukuru hatunaye tena.

Mama mudogo, yule ndugu wa mama Asumini, alikuwa bado kambini Kanyaruchinya na miguu yake mibaya. Shukuru akaenda kumuchukua. Mama mudogo alifika kwa miguu, yeye hakurudi. Risasi ilitoka upande gani hatujui. Kisha mutu akatuambia moto yake iko kando ya barabara, na yeye amelazwa kwenye kiwanja nyuma ya barrière ya wale watu, pamoja na wengine, na hawaruhusu mutu kupita.

Nilikwenda. Mukubwa wao ni kijana, kama Shukuru. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Akanikaribisha kiti kingine, akanipa kikombe. Nilitafuta maneno yangu yote ya barabara ya Rutshuru, sikupata hata moja. Kifaransa sikukipata. Nilifikiri: nikingojea chai ipoe, jua litazama, na mutoto wangu atalala inje siku nyingine.

Nikaikunywa. Ilikuwa ya moto, imenichoma ulimi. Nikaimaliza mbele yake, nikasema: nipe mutoto wangu. Aliangalia kikombe. Akatuma watu wawili wanisaidie kumubeba.

Tumemuosha sisi wenyewe, tumemuzika kabla ya magharibi. Imamu aliswali. Mama Asumini anakaa, anakula kidogo.

Shauri nililokupa, liache. Fuata la kaka yako. Kaa kwenye kile kiti.

Mujomba wako,
Jumaine

*

Kinshasa, tarehe 27 Februari 2025

Kwa mujomba wangu,

Asalaam alaykum. Mama Asumini amelala? Mugongo wake? Na ulimi wako, umepona? Mimi nakula, Cibalonza ananisimamia mpaka sahani iishe. Tulimusomea Shukuru dua pamoja na Waislamu wa Maniema wanaokaa huku. Walikuja wengi, hawakumujua, walikuja tu.

Mujomba, nilikaa.

Nilisema «sisi» asubuhi yote, na sauti haikukatika. Jury imenipitisha, kazi nitaanza mwezi wa tano. Mwambie imamu, lakini kwa sauti ndogo.

Upande wa serikali walijitayarisha vizuri. Waliniomba uwanja wa ndege. Waliniomba barabara, madini, askari warudi nyuma, na muda wa kila kitu. Cibalonza aliongea vizuri kuliko wote. Chai ililetwa, sikuigusa, nilikuwa nawaangalia tu wao.

Jibu moja nilikuwa nimelitayarisha tangu barua yako, nalijua kwa moyo: ingieni, chukueni wafu wenu wote, leo, kabla ya magharibi. Nilitaka kulisema nikiwa kwenye kiti kile. Niliwangojea mpaka mwenyekiti akafunga kikao.

Hakuna aliyeniomba.

Mutoto wako, dada ya Shukuru,
Ramla