Mtoto wa Sukari Aliyebaki Kabatini

Amalemba,
Kakamega.
22 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Kageha,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, zikukute ukiwa mzima. Ule mgongo umepoa? Na joto la huko Doha, Quinter anasema ni kama kusimama mbele ya jiko mchana kutwa. Unakunywa maji? Sisi tuko. Mvua inanyesha kila alasiri, mahindi ya Chekalini yamefika magotini, na kaka Sylvanus analalamikia magugu vile unavyomjua. Tunakula, tunalala. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu tunalia sote wawili mpaka bando inaisha, na bado sijakueleza vizuri mazishi ya mama. Tena ulisema neno lililonikaa moyoni, kwamba sasa mama hayupo, utakuja nyumbani kwa nani. Nimeshindwa kulijibu kwa mdomo. Barua hii atakuletea Quinter, likizo yake imeisha na anarudi huko kazini.

Lakini kwanza nikuambie juu ya Shantel wangu, ndipo uelewe. Wewe ulimwacha akichoma mandazi. Siku hizi anapamba keki, na si kupamba kwa kila mtu. Kuna kitu kinaitwa fondanti, ni sukari inayokandwa kama unga wa chapati. Anaitia rangi, anaifinyanga watu kwa vidole na kijiti cha meno, halafu wanakauka wakawa wagumu. Kageha, ni watu kabisa. Bwana harusi akiwa na pengo, anawekewa pengo lake. Wateja wanatoka Kisumu na Eldoret, wanapita wapishi wote walioko njiani wakimtafuta mtoto wangu. Kwa harusi ya binti wa mzee Shikanga alitengeneza yule fahali wake wa kupigana, macho mekundu, vijana wakaanza kumpigia filimbi pale mezani. Sijisifu, nasema tu yaliyoonekana na watu.

Sasa mama alikuwa atimize miaka themanini, na sherehe iwe Jumamosi. Shantel akamfinyanga nyanya yake ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anapukuchua mahindi, na kile kitambaa chake cha buluu kichwani. Mama alipoonyeshwa alicheka akashika mbavu. "Pua hii si ni ya Sylvanus? Yangu umempa nani?" Halafu akamwuliza Shantel, "Na Kageha? Huyo ndiye kitindamimba wangu, na ndiye yuko mbali. Niwekee yeye mgongoni."

Basi Shantel akakutengeneza, mdogo kama kidole gumba, umemkumbatia mama shingoni kwa mikono yote miwili. Hata ile alama ya shavuni hakuisahau. Mama akakuangalia sana. Akasema, "Sasa tumetimia."

Alhamisi baada ya chai alijilaza, hakuamka. Hayo unayajua.

Keki yenyewe ililiwa na watoto waliokuja matangani. Lakini ile sanamu, nani angeitia mdomoni? Siku ya kuzika, mama mdogo Mideva akasema iwekwe ndani ya jeneza, ni mali ya mwenyewe. Mchungaji akaguna kwamba Mkristo hazikwi na sanamu. Mideva akamgeukia. "Pasta, hii ni sukari. Kwa Shikanga ulikula fahali kutoka mkia mpaka nyonga, mbona hukuuliza kama ni sanamu?" Watu walicheka, Kageha, na machozi yakiwa bado usoni.

Ni Sylvanus tu hakucheka. Aliiangalia, akaniambia polepole, "Mildred, huyu wa mgongoni ni Kageha. Mtu aliye hai hafungiwi jenezani na maiti. Mnataka mama amwite amfuate?" Mideva akajiziba mdomo kwa mkono. Hatukuwa tumefikiria, sote.

Shantel ndiye aliyewatenganisha. Aliketi jikoni, akachovya kisu chembamba kwenye maji moto, akakipitisha kati ya mikono yako na shingo ya mama, kidogo kidogo. Alilia aproni ikalowa, lakini kisu hakikupotoka hata mara moja. Nilisimama pale nikijivunia mtoto wangu huku moyo unavunjika. Mama akazikwa na yule wake wa mkekani, karibu na mkono wa kulia.

Tulitupa udongo kwa kufuatana kuzaliwa. Ilipofika zamu yako niliinama niuchukue kwa niaba yako, Sylvanus akanishika. "Wacha. Atautupa mwenyewe." Kwa hivyo udongo wako haujatupwa. Siku utakayofika hutaingia nyumba ya mtu kwanza, tutakupeleka kaburini moja kwa moja, umlilie mama yako.

Tangu siku ile Shantel anafinyanga maua tu. Maharusi wakimwomba watu, anawakatalia. Nikimwuliza ananiambia, "Mama, uso hauji."

Wewe wa sukari uko kwenye kabati langu la vyombo, ndani ya katoni, na kifuko cha mchele mkavu kando yako kwa sababu ya unyevu wa mvua hii. Kwenye friji hatukuweki, ukitoka humo utatoa jasho na uso ufutike. Nilitaka Quinter akuletee. Shantel akakataa kabisa. "Huyo hasafiri. Anti ndiye atasafiri."

Juzi nilijaribu kuinyoosha ile mikono ili ulale vizuri, Shantel akanizuia. Imekauka hivyo, ukiilazimisha inavunjika. Basi umelala vile vile, umekunja mikono kumshika mtu ambaye hayupo. Uliuliza utakuja kwa nani. Kila nikifungua kabati kuchukua kikombe naliona jibu, na nafunga mlango wake haraka.

Mzee wangu Philemon anakusalimia, Sylvanus na mama mdogo Mideva pia. Shantel anasema ule vizuri. Mungu aliyempokea mama bila kutuuliza, na akupe ruhusa, nauli na nguvu, akurudishe ukitembea kwa miguu yako.

Dada yako akupendaye, aliyekubeba mama akichoka,

Mildred