Vidole Gumba Arobaini na Moja

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nakula, nalala. Mgongo ni uleule. Jicho la kushoto ndilo limezidi, naona kama mtu anayechungulia kwenye mvuke wa sufuria. Wewe na wanao mko wazima?

Nilienda ofisi ya ustawi kuandikishwa kadi ya wazee. Madaktari wa macho wanakuja tarehe ishirini Mei, na huna kadi hawakugusi. Nikaweka kidole kwenye mashine. Ikakataa. Vyote kumi. Karani akasema, "Mzee, kanawe, mikono michafu." Mimi nimebeba zege miaka thelathini na nane, uchafu huo najua unavyotoka. Nikachukua kipande cha tofali, nikasugua mpaka mikono ikawaka moto. Nikarudi. Karani akaangalia, akacheka. "Mzee, sasa ndiyo umemaliza kabisa. Huna vidole."

Nikamwambia, "Na hivi vilivyokushika shati ni nini?"

Mlinzi akanitoa nje.

Yule mama dobi wa nyumba ya pili naye karudishwa. Yeye vidole vyake vimeliwa na sabuni.

Baba yako

11 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, watoto wanakuamkia. Mdogo kang'oka meno mawili ya mbele, anajiita mzee, naye anataka kadi.

Baba, barua yako nimeisoma mara mbili. Amri ile ya vidole niliichapa mimi. Hapa makao makuu ya ustawi mpiga chapa wao ni mimi. "Asiyesomwa alama za vidole asiandikishwe." Niliichapa asubuhi, mchana nikala vizuri. Sikuikumbuka mikono yako, mikono iliyonisomesha.

Pumzika kazi wiki tatu, paka mafuta mazito kila siku. Ikishindikana nitamwomba bosi akuingize jina kimyakimya.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nimepumzika. Nimepaka mafuta mpaka kikombe kinaniponyoka. Mashine imekataa tena. Huko hamjambo?

Hilo la bosi acha. Sitaki kupitishwa dirishani wenzangu wamesimama mlangoni. Siku ile tulirudishwa saba. Mimi, dobi, mpasua kokoto, msuka kamba, na wengine wa namna hiyo. Waliokaa kivulini maisha yao yote mnawaandikisha. Waliofanya kazi mnawafukuza. Sasa kadi hii ya nani?

Uliichapa wewe. Mwambie bosi uichape upya.

Na usilie. Najua unalia. Kama mchana ulikula vizuri ndivyo ninavyotaka.

Baba yako

10 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Vipi mgongo? Huku kuzuri, mafua tu ya watoto.

Nimeingia kwa bosi. Nimemweleza habari zenu. Akanijibu, "Hao ni wachache. Amri haibadilishwi kwa ajili ya watu wawili watatu." Nikamwuliza wachache ni wangapi. Hajui. Hakuna mtu hapa anayejua, maana anayekataliwa haandikwi popote.

Baba, nitafutie idadi. Na kitu cha kumshikisha mkononi.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Hujambo wewe. Mafua yaliisha?

Nimekaa benchi la nje ya ofisi siku nane. Anayerudishwa namwita. Nina masizi ya sufuria kwenye kifuniko. Anachovya dole gumba, anabonyeza kwenye karatasi. Dobi anaandika jina, yeye alifika darasa la saba na anajidai sana nalo. Ananisahihisha hata nikiongea.

Mlinzi alikuja kutufukuza. Kumbe mama yake mzazi naye kakataliwa, alikuwa msuka mikeka. Kesho yake akamleta mwenyewe, akatuongezea benchi.

Arobaini na moja, na langu limo. Karatasi ndizo hizo. Mpe bosi wako atafute mstari. Ni madoa meusi tu kama mbegu za papai.

Jicho la kushoto limefunga. La kulia nalo limeanza ukungu. Nakwambia tu ujue.

Baba yako

9 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, roho tu ndiyo haitulii.

Bosi aliziinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine. Halafu akaniambia, "Kaa kwenye mashine yako, uchape." Nimechapa hivi: asiyesomwa vidole apigwe picha, na mwenye kadi anayemjua amshuhudie. Inaanza tarehe mosi Julai.

Julai, baba. Madaktari ni Mei, na wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Hilo jicho la kulia halitakusubiri. Bosi ameruhusu ofisi yenu ijaribu utaratibu na mtu mmoja kabla. Ushahidi wake, kwa mara hii tu, ameniachia nisaini mimi nisiye na kadi. Mtu mwenyewe ni wewe.

Najua utakataa. Nisikilize kwanza. Shahidi lazima awe na kadi, na lazima aitazame picha, yaani awe anaona. Wenye kadi ni hao wa kivulini, nao hawamjui msuka kamba wala mpasua kokoto. Kati yenu arobaini na moja nani anayo? Mkibaki nje wote, Julai nani atamwingiza nani?

Nakuomba. Sijakuomba kitu tangu viatu vya shule.

Mwanao

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua. Madaktari wameshaondoka. Ulienda?

Mwanao

6 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Nyie nawaona hapa ukutani kwenye picha. Nawaona kabisa.

Nilinyamaza kwa hasira. Niliwaambia wenzangu nakataa. Mpasua kokoto akaniita punda. "Unataka tupofuke wote ili wewe usifiwe?" Dobi akanishika mkono akanipeleka kama mtoto wa chekechea. Wakanipiga picha, nimefanana na mwizi wa kuku. Madaktari wakatoa ukungu kushoto na kulia. Dobi alitaka akuandikie. Nikasema hapana, nitaandika mwenyewe nikiona vizuri.

Tarehe mosi walipofungua nilikuwa mlangoni. Nimeshuhudia siku nne. Karani anauliza kila mtu namjuaje. Mpasua kokoto, nikasema kokoto zake zimo kwenye zege langu. Mama wa mlinzi, nikasema alinifukuza kwenye mapera yake nikiwa na miaka tisa, na mbio zake ninazikumbuka. Wote wameandikwa ila wawili wagonjwa, nao karani kaahidi kuwafuata kwao.

Wa mwisho alikuwa dobi. Nikasema namjua tangu msiba wa mama yako, alifua nguo za nyumba nzima na hakutaka hata asante. Karani akauliza, "Na ni nani kwako?"

Nikavua kofia, nikaivaa tena. Mpasua kokoto anakohoa makusudi.

Dobi mwenyewe akamwambia karani, "Andika jirani. Kwa sasa."

Karani akaandika yote, mpaka hilo la kwa sasa.

Nijibu unalionaje. Usicheke.

Baba yako